Ovataimu ya huku na "tutaangalia" ya kwetu

Slipu ya wiki iliyopita imekuja na dola 4 nisizozitarajia. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo hapa Columbus, Ohio, Marekani, dola 18 kwa saa. Wiki ile nilipiga saa 48, na tuliahidiwa bonasi ya dola 48 tukifikisha lengo. Hesabu yangu: saa 40 kwa 18, saa 8 kwa 27, weka bonasi, 984. Wao wameandika 988. Dada wa malipo akanichorea kwenye karatasi: bonasi ya kuahidiwa ni sehemu ya ujira, kwa hiyo 864 (saa 48 kwa 18) jumlisha bonasi 48, gawa kwa saa 48, saa yangu wiki ile ilikuwa dola 19. Kila saa iliyozidi 40 inaongezewa nusu ya hiyo 19. Mara 8 ni 76, na 912 ni 988. Sheria yenyewe ya ovataimu huku ni ya 1938!

Najua mtaanza: "Huyu kapanda ndege juzi, leo Mzungu." Tulieni. Sheria kwetu Tanzania ipo, tena tamu. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, zikizidi mara moja na nusu, sikukuu mara mbili, likizo siku 28 na mshahara wako. Huku sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukupa likizo ya malipo hata siku moja. Piga saa 12 kwa siku tatu, ni 36 tu kwa wiki, ovataimu huna. Ukikaribia 40, supavaiza anakurudisha nyumbani huku anatabasamu. Kwa hiyo sisifii mtu hapa.

Kinachoniudhi ni kimoja: nani anaandika saa? Pale kiwandani Chang'ombe, Dar es Salaam, mlinzi wa getini aliandika magari, sisi hakutuandika. Kontena linaingia jioni, mnashusha mpaka saa nne usiku, mwisho wa mwezi ukiuliza unaambiwa "tutaangalia", au unapewa buku tano ya chai na unashukuru. Utaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na ushahidi gani?

Mtaniambia: "Viwanda vyetu bado vichanga, usilinganishe." Jamani, daftari nalo linahitaji mwekezaji? Bosi huyo huyo ukimwuliza usiku ule zilishuka katoni ngapi, na ipi ililowa, anakufungulia ukurasa.