Nyasi za Minneapolis na X ya Kimara

Ndugu zangu wa Dar mnaniuliza kama kweli huku Marekani mtu anapigwa faini kwa nyasi. Kweli. Hapa Minneapolis zikipita inchi 8, kama sentimita 20 hivi, umeshavunja sheria ya jiji. Theluji nayo ikikatika, mwenye nyumba ana saa 24 awe ameshaisafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya kwake. Sofa bovu lililotupwa uani, gari lisilotembea, rangi inayobanduka ukutani, yote makosa. Na jirani hapigi hodi. Anapiga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, anakuchongea, kesho mnasalimiana vizuri tu. Hilo sitalizoea. Kwetu angekuja mwenyewe: "Mama Asha, huo mchongoma wako umeshaingia kwangu." Mngezozana kidogo, yakaisha.

Lakini barua ya jiji ikija, isome. Inataja kifungu, inaeleza kosa, inakupa siku za kurekebisha na namna ya kukata rufaa. Ukikaidi wanatumwa watu kufyeka, na gharama inaongezwa kwenye kodi yako ya nyumba. Inauma, ila hukuviziwa.

Kwetu mtu ananunua kiwanja, serikali ya mtaa inagonga muhuri. Anajenga miaka kumi, kozi kwa kozi, bila kibali cha ujenzi, na hakuna anayemuuliza. Anaingiza umeme, anavuta maji. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo serikali inajua kabisa kuwa nyumba ipo. Halafu siku moja anakuta X nyekundu ukutani, alama kwamba nyumba itavunjwa. Watu wa Kimara, hapo Dar, wanaijua vizuri. Mwaka 2017 walivunjiwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Na wakati huohuo yule anayetapisha choo mvua ikianza, uchafu ukapita milangoni kwa watu, haguswi. Mtaa mzima unamjua. Aliyejenga ukuta ukameza nusu ya njia, hata bajaji haipiti, huyo tunamwita mheshimiwa.

Sheria ya inchi 8 sitaki iletwe Mbagala, kuna nyasi gani pale? Ninachotaka ni ile barua, na ije mapema. Mtendaji wa kata apite msingi ukiwa bado unachimbwa, aandike kwamba hapa ni hifadhi ya barabara, simamisha. Siku hiyo mtu atapoteza tripu mbili za mchanga na hela ya fundi tu, si nyumba nzima.