Bomba likivuja ndani ya ukuta, mwenye nyumba alitakiwa ajue vipi?

Watu wengi wakikata bima ya nyumba wanajua vitu viwili tu kuhusu maji, kwamba mafuriko ya kutoka nje hayamo na bomba likipasuka limo. Hapo kwenye bomba ndo pana shida. Mpira wa mashine ya kufulia ukichomoka ghafla nyumba ikajaa maji, kawaida unalipwa, sakafu, dari ya chini, makochi. Ila bomba likitoboka kitundu kama cha sindano, likawa linadondosha nyuma ya taili miezi mitatu, ukipeleka madai unajibiwa hii ni hasara ya taratibu, ni suala la matengenezo, hailipwi. Na watu wakisikia wanaitikia kabisa, nyumba yako mwenyewe, miezi mitatu yote ulikuwa wapi? Hilo swali naona haliwatendei haki watu wengi sana.

Kampuni za bima wana hoja, na si ya kupuuza. Bima ni ya ajali, na bomba kuzeeka sio ajali. Mabomba ya chuma ya zamani yanaoza kwa ndani. Marekani kuna yale ya plastiki ya polibutilini yaliyofungwa kwenye mamilioni ya nyumba kuanzia 1978 mpaka 1995 hivi, yakawa yanapasuka yenyewe, na mpaka leo zipo kampuni hazitaki kukatia bima nyumba yenye mabomba hayo. Ukisema kila kilichooza kilipwe, aliyebadilisha mabomba mapema anamlipia asiyebadilisha na ada inapanda kwa wote. Na wapo kweli wanaokinga beseni chini ya sinki mwaka mzima, kabati likishaoza ndo wanapiga simu. Hao siwatetei.

Lakini hebu tufanye hesabu. EPA, lile shirika la serikali ya Marekani la mazingira, linasema koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza zaidi ya galoni 3,000 kwa mwaka. Ukisikia 3,000 unasema hayo maji yote mtu atakosaje kuyaona. Haya, igawanye. Ni kama lita 11,000 na kidogo kwa mwaka, yaani lita 31 kwa siku. EPA hao hao wanasema familia ya kawaida kule inatumia galoni 300 kwa siku, ambazo ni zaidi ya lita 1,100. Kwa hiyo kinachovuja hakifiki hata asilimia 3 ya matumizi ya nyumba. Kwa mwezi mzima hakijazi uniti moja ya mita, yaani lita 1,000! Sasa nani anashtuka bili ikipanda chini ya uniti moja, wakati wageni wakilala siku mbili tu inapanda zaidi ya hapo? Huku nyuma ya ukuta lita 31 kila siku zinaingia kwenye mbao na plasta, na kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48 ukungu unaweza kuanza kuota. Yaani bili haioni kitu na ukuta umeshaanza kuharibika siku ya pili.

Utaambiwa kuna njia ya kujua. Funga koki zote, kaangalie mita, kile kigurudumu kidogo kikizunguka ujue kuna mahali panavuja, au soma namba, usitumie maji kwa muda wa saa mbili nzima, usome tena. Ni kipimo kizuri na kila mtu afanye. Ila kinaonyesha mabomba yanayoleta maji tu. Bomba la maji machafu chini ya bafu mita haiwezi kuliona kabisa kwa sababu yale maji yameshahesabiwa yalivyopita kuja kwenye koki, na linavuja pale tu mtu anapooga, ukishuka kwenda kuangalia limeshanyamaza. Mwenye nyumba wa hivyo kafanya uzembe gani hasa?

Mahakama zimeshakutana na hili. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya jimbo la Florida iliamua kesi ya bomba la kupeleka maji kwenye friji lililovuja kwa wiki kadhaa, na mkataba ulisema hasara ya uvujaji unaoendelea siku 14 au zaidi hailipwi. Kampuni ikasema basi hakuna cha kulipa hata senti. Mahakama ikakataa, ikasema maneno hayo hayaondoi waziwazi hasara iliyotokea ndani ya zile siku 13 za mwanzo. Naona walifika pazuri. Lakini bado swali linabaki ni la siku ngapi, na asesa, yule mkaguzi wa hasara wa bima, anayekuja kuangalia kutu kwenye misumari, madoa yaliyopandana na mbao iliyolainika, anaweza kusema hii ni ya muda mrefu, lakini kutenganisha uharibifu wa siku ya 13 na wa 14 sidhani kama kuna anayeweza kwa uhakika.

Na kipimo cha siku kinamuumiza mkweli. Anayesema "kidoa nilikiona kama miezi miwili nyuma, nikadhani ni rangi" anajifungia mlango mwenyewe, na anayesema "nimeamka leo nimekuta maji" ana nafuu hata kama hali ni ile ile. Mimi ningetaka kampuni iulize, huyu mtu alijua, au mtu makini angejua? Mwenye beseni chini ya sinki anaanguka hapo hapo, hana pa kujificha. Wa nyuma ya taili anapona.

Na hili sio jambo la kufikirika. Ipo mikataba inayosema uvujaji uliofichika ndani ya ukuta, chini ya sakafu au juu ya dari unalipwa ili mradi mwenye nyumba hakujua na akatoa taarifa mapema baada ya kujua. Kwingine inauzwa kama nyongeza, sawa na ile ya maji taka kurudi ndani, ambayo nayo mara nyingi haimo kwenye bima ya kawaida. Uingereza mikataba mingi inalipa gharama ya kutafuta panapovuja na kuvunja ili kupafikia, kwa kiwango maalumu. Kumbuka tu kwamba bomba lenyewe lililooza kwa kawaida ni juu yako, bima inaangalia kilichoharibiwa na maji. Hapo sina ugomvi nao.

Kitu kingine, siku hizi zipo kampuni zinazopunguza ada ukifunga kifaa cha kugundua maji yanayovuja, vingine vinafunga bomba kuu vyenyewe. Ni jambo jema. Lakini kama kampuni yenyewe iko tayari kupoteza sehemu ya ada ili kifaa kikae kinalinda mabomba usiku na mchana, inakuwa imekubali kwamba macho ya mwenye nyumba hayatoshi, na ikishakubali hilo sioni inamnyimaje madai yule ambaye macho yake hayakuona.