Defenda imembeba mbeba dagaa

Alhamisi saa kumi usiku dada kanipigia, analia. Mwanawe kazolewa na defenda ya polisi Mabatini, hapa Mwanza, kwenye msako wa vibaka.

Kijana ana miaka 19, anabeba dagaa Mwaloni, Kirumba. Mitumbwi inaingia alfajiri, sasa atoke saa ngapi, saa nne asubuhi na mabosi? Aliwaonyesha ngata yake ya kubebea. Wakamwambia humo ndimo anamoficha kisu. Wakaikung'uta, yakadondoka magamba.

Nilimkuta kituoni, sitakitaja, amekaa sakafuni na wenzake kumi na kitu. Ukutani kuna bango: dhamana ni bure. Hiyo bure tumeilipia elfu thelathini, na bado katoka Jumamosi.

Haya, najua, vibaka wapo. Muuza samaki wa mtaani kwetu alikatwa panga kwa ajili ya simu ya kitochi, na usiku ule hata mimi niliitamani hiyo defenda. Lakini kosa la mpwa wangu ni lipi? Uzururaji! Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ilishasema sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Na ilisema ikiwa Arusha, jamani, siyo Ulaya.

Nanyi mnaonitumia video za El Salvador, za msako wa magenge: kule wamekamata zaidi ya watu 80,000 tangu Machi 2022, na serikali yenyewe imeshawaachia maelfu. Hao maelfu walikuwa wanafanya nini mle ndani?

Mtu wa Mwaloni anajua. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala, na vijana wote wa kubeba wanahamia kijiweni, mfukoni hamna hata ya chapati. Ukitaka kujua lini simu zitakwapuliwa, tazama juu. Sijasikia kikao cha ulinzi na usalama kilichotazama juu.

Mikopo ya halmashauri ipo, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani ni kwa vijana. Masharti: muwe kikundi, chenye katiba na viongozi. Wakikaa watano kijiweni kabla ya katiba, ni genge.

Mpwa wangu karudi na namba ya simu mfukoni. Kapewa na jamaa waliyelala naye mahabusu, kamkaribisha kwenye kazi. Nimemuuliza kazi gani. Anasema hajui vizuri, ila hiyo haisimami hata kukiwa na mbalamwezi.