Siku Datsun Iliponigandia Pajani

Kabla hujanicheka naomba ujue kitu kimoja, waipa ya Datsun 240Z, lile gari la mashindano la miaka ya sabini, ukiipunguza mara 24 kwa ajili ya gari la mfano inakuwa kama mguu wa mende, tena sio mguu mzima, ni ule uliokatikia mlangoni. Sasa mtu mwenye vidole kama vyangu, vidole vya mtoto wa kambi ya jeshi aliyekulia Bombo, Uganda, akibeba jerikani za maji, kushika kitu cha namna hiyo asubuhi ya kwanjula yake mwenyewe, ile sherehe ya Waganda ya kujitambulisha ukweni, tena ameshavaa kanzu... we endelea tu kusoma.

Yote yalianza na mzee, baba wa mchumba wangu. Mchumba wangu ni Muganda wa Mukono na kwao Kiswahili changu kilikuwa tatizo toka siku ya kwanza, maana Uganda hii bana ukifungua mdomo ukatoa Kiswahili watu wanagawanyika, wapo wanaodhani we ni mwanajeshi na wapo wanaodhani we ni mwizi, na wote wanashika mifuko. Dada zake walikuwa wananiita Afande. Mzee ndo hakuniita chochote, alikuwa anaitikia salamu kisha anarudi kwenye gazeti lake. Jumapili moja TV ilikuwa inaonyesha magari ya mashindano yanarusha vumbi, mi nikajisemea tu kwa sauti, haya ya siku hizi ni kompyuta zenye matairi, gari ilikuwa 240Z. Gazeti likashuka. Taratibu. Nikaona miwani, halafu nikasikia, "We kijana, 240Z unaijulia wapi?"

Kwa Kiswahili! Kumbe mzee ujanani alikuwa spana boi kwenye gereji moja huko Kenya, na Kiswahili anacho, kile cha gereji ambacho nusu yake ni majina ya spea na nusu ni matusi. Siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa. Akanieleza Safari Rally ya 1971, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, aliyoshinda Edgar Herrmann na 240Z, halafu akafika kwenye ile ya Pasaka ya 1973 na hapo sauti ikabadilika kabisa, maana aliyeshinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda, na hiyo ni miezi michache tu baada ya Amin kuwapa Wahindi siku 90 waondoke. Mzee anasema walikuwa wamekusanyika kwenye redio moja, mafundi na wateja na muuza karanga, wanasikia Mehta amelingana pointi na Harry Källström, naye pia wa Datsun, sare kabisa, ikabidi waangalie kanuni ndo Mehta akapewa ushindi. "Wa kwetu," mzee akaniambia, akajigonga kifua. "Walimfukuza lakini wa kwetu." Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, ila hiyo mzee haimhusu sana, yeye ni ya 1973 tu.

Nikatoka pale nimeshaamua. Wenzangu wanapeleka mahari ya ng'ombe, na mi nitapeleka ng'ombe sikatai, ila juu yake nitamletea mzee ile gari.

Nikaagiza seti ya vipande vya plastiki ya Kijapani, binamu yangu akaibeba kwenye begi kutoka Dubai. Ukiimaliza inakuwa na sentimita kama 17, ukubwa wa sapatu ya mtoto. Mchumba alipoona boksi aliuliza umri ulioandikwa pembeni, akakuta ni 14 na kuendelea, akasema basi angalau umefikisha.

Miezi saba. Nilikuwa natoka kazini narudi chumbani Kireka, nawasha taa ya mezani, nazama. Seti inakuja na injini ya bloku tupu, mi nikaona haiwezekani mzee afungue boneti akute injini haina waya, 240Z ni silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili ubavuni, mzee ameshazifungua hizo kwa mikono yake. Nikachana waya wa iyafoni zilizokufa, ndani kuna vinyuzi vyembamba kama nywele, nikakata vipande sita vya plagi na cha saba kinachotoka kwenye koili, kila kimoja nikakiingiza kwenye tundu nililotoboa na sindano ya kushonea. Waya wa nne ulinichukua wiki nzima. Mikanda ya viti nilikata kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na hiyo sio urembo, ni ili jua lisimrudie dereva machoni. Nikamaliza na vumbi, vumbi halisi, nililizoa barabarani nikalichekecha na soksi ya nailoni ya mchumba (hajajua mpaka leo, ndo anajua hapa) nikalipuliza kwenye matao ya matairi na spreya ya nywele ikashika. Jirani yangu wa boda alikuja kuangalia akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na inakula mafuta?"

Haya. Siku ya kwanjula.

Saa mbili asubuhi nimeshavaa, kanzu nyeupe ya pamba yenye ule mdarizi mwekundu kifuani, suruali ndani, koti liko kwenye kiti. Nje magari yamejipanga, mashangazi na gomesi zao, yale magauni marefu ya Kiganda, wanapiga honi kana kwamba wao ndo madereva, na mshenga anapiga kelele kuwa tukichelewa getini tunatozwa faini. Mi nikasema acha nichungulie tu ndani ya boksi. Kosa hilo. Datsun iko salama, lakini waipa ya upande wa dereva imechomoka, imelala kwenye kitambaa kama mgonjwa.

Mtu mwenye akili angefunga boksi. Mi nikakaa kitandani, nikaweka gari kwenye paja, nikashika waipa kwa kidole gumba na cha shahada maana kibanio kilikuwa kimeshafungiwa kwenye begi, mkono wa kushoto nikachukua supaglu. Mdomo wake umeziba. Nikaung'ata nikautoboa na pini, nikaminya, haitoki. Nikaminya tena. Nikaminya kama mtu anayedai deni, na tyubu ikapasuka kwa nyuma.

Nilichojua kuhusu supaglu ni kwamba inakauka haraka. Nisichokijua ni kwamba supaglu na pamba wakikutana wanachemka. Sio mfano, zile nyuzi za pamba zinaifanya iwahi kukauka yote kwa pamoja na inatoa joto, ikiwa nyingi inatoa na moshi. Mi nimekaa najiuliza mbona paja linapata joto, nikaona kamoshi kanatoka chini ya Datsun, kwenye eneo ambalo mwanaume hataki kuona moshi siku ya kwanjula. Nikapiga kelele "MOTO!" nikaruka. Datsun haikuanguka. Niliruka nayo.

Wakaja mbio. Besti mani alinimwagia chupa nzima ya maji na moshi ukaisha, ila ndo hivo, supaglu inapenda unyevu, ukiimwagia maji umeiambia kauka. Tukakagua hasara. Matairi manne yamenasa kwenye kanzu, kanzu imenasa kwenye suruali, suruali imenasa kwenye paja, yaani mimi na Datsun tumekuwa kitu kimoja. Kanzu haivuki, suruali haishuki. Na mkono wa kulia kidole gumba na cha shahada vimegandana, na katikati yao, salama kabisa, waipa.

Shangazi yangu akachomoa kichupa cha kutolea rangi ya kucha. Nikamshika mkono nikamwambia Shangazi usithubutu. Ile ni asetoni, inatoa supaglu kweli, lakini inakula na rangi na plastiki, ukiidondosha pale Datsun inakuwa uji. Akaniangalia. "Mwanangu, unaoa au hauoi?" Nikamwambia naoa, ila miezi saba, Shangazi, waya wa nne peke yake wiki nzima. Alirudi kwenye gari akiongea na Mungu.

Tulisimama Seeta kwenye duka la dawa. Kulikuwa na foleni, na mi kwa maumivu nikasahau Luganda yote, nikaingia nachechemea na kanzu imelowa nikisema kwa Kiswahili "Naomba msaada jamani, naomba msaada!" Foleni ikafunguka yenyewe, kuna mzee alivua kofia. Ndo siku pekee hiki Kiswahili kimenisaidia nchi hii. Dada wa dawa alitazama paja, akanitazama mimi, akauliza kama gari hiyo ilinigonga. Akasema niloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, taratibu, nisivute, itaachia. Taratibu kiasi gani? Saa moja, au zaidi. Nje honi zinalia.

Basi tukaingia Mukono hivo hivo. Koti linaishia kiunoni, halifichi kitu, ikabidi nikae nimepakata kikapu cha mananasi. Kwa asiyejua mambo ya kwanjula, vikapu wanabeba wanawake, kichwani, wanaingia wakipiga magoti mbele ya wazee. Bwana harusi hapakati kikapu. Mshenga wa upande wao alikiona palepale, wale watu wanalipwa kuona, akashika maikrofoni akauliza yule kijana mstari wa pili anakumbatia mananasi kwa nini, au kwao chakula ni cha shida? Hema zima likacheka. Mi nikatabasamu, nikakumbatia zaidi, nanasi moja likanichoma kidevuni.

Halafu senga akaja. Senga ndo shangazi wa bibi harusi, kazi yake ni kupita katikati ya wageni amtafute bwana harusi amsimamishe watu wamuone. Wangu alikuja moja kwa moja bila kutafuta, akanibandika ua kifuani, akasema simama. Nikamnong'oneza Senga, siwezi. Akadhani naona aibu, akakichukua kikapu akakiweka chini, akanishika mkono akanivuta.

Nikasimama.

Kanzu ikajaribu kushuka, ikakwama. Na pale pajani, pua imeangalia juu kana kwamba inapanda mlima, Datsun nyekundu boneti nyeusi. Hema likanyamaza hivi kwamba nilisikia jenereta ya jirani. Mtoto mmoja akasema, kwa sauti, "Maama, alina emmotoka!" Yaani mama, ana gari. Mama mkwe, ambaye kwa mila zao hata kukaribiana nami haruhusiwi, alijifunika uso na gomesi akakimbilia jikoni, na mpaka leo sijui alidhani ni nini kinafuata.

Mzee akainuka. Akaja polepole na kanzu yake, akavua miwani akaifuta akaivaa tena. Akainama mbele ya paja langu, mbele ya watu mia mbili na kamera ya video ambayo mi mwenyewe ndo nimeilipia. Akatumia ukucha kuinua boneti. Nikamsikia anahesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu... mpaka sita, halafu akaenda na koili. Akaishusha. Akachungulia viti, akachungulia nyuma, akapitisha kidole kwenye tao la tairi akaangalia lile vumbi. Kisha akanyooka akaniangalia usoni.

"Waipa moja haipo."

Nikainua mkono wa kulia nikamuonyesha vidole vyangu vilivyogandana. "Iko hapa, Mzee."

Nimewahi kuona watu wakicheka, ila mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Kisha akaanza kutoa amri kwa kile Kiswahili chake cha gereji, ambacho pale hakuna aliyekielewa ila mimi na binamu zangu wa Bombo, na shukuru Mungu maana mengine hayafai mbele ya shehe. Beseni la maji moto, sabuni ya unga, mafuta ya kupikia, wembe. Tukaingia chumbani, yeye, mimi na besti mani, huku nje wanapigiwa ngoma ili wasubiri. Nilikaa na beseni kwenye paja karibu saa moja na mzee alifanya kazi na mafuta na kucha, hakuvuta hata mara moja, alikuwa anasema na ile gari kama fundi anavyosema na nati iliyoshika kutu. Suruali iliachia na ngozi kidogo. Kanzu na matairi havikuachana kabisa, akachukua wembe akakata kitambaa kuzunguka gari, nikarudi hemani na kanzu yenye dirisha la mraba pajani, na hivo ndo nilivyovishwa pete, kwa kidole cha mkono wa kushoto, maana wa kulia vidole vilikuwa bado vimegandana.

Faini walinitoza, laki mbili, moja ya kuchelewa na moja ya kuingiza gari bila kulitangaza kwenye orodha ya zawadi.

Datsun ipo sebuleni kwao juu ya kabati la TV, imesimama kwenye kile kipande cheupe cha kanzu, mzee hataki kitolewe. Vidole vyangu viliachana siku ya tatu na waipa ikatoka nzima. Nilimpelekea nikamuomba aniruhusu niibandike, dakika moja tu. Akaipokea akaiweka kwenye kiberiti kitupu, kiberiti akakitia mfuko wa shati, akaniambia nikae ninywe chai. Supaglu ya nyumba ile mama mkwe alishaificha, na hata watoto ukiwauliza iko wapi hawasemi.