Chumvi yenye potasiamu: majaribio ya China yamethibitisha nini, na yameacha pengo wapi

Mwishoni mwa Agosti 2021, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 600 vya kaskazini mwa China, kwenye majimbo ya Hebei, Liaoning, Shanxi, Shaanxi na Ningxia. Walishiriki watu 20,995. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa bure chumvi ambayo asilimia 75 ni ile tuliyoizoea, yaani kloridi ya sodiamu, na asilimia 25 ni kloridi ya potasiamu. Baada ya wastani wa miaka 4.74, vijiji vya chumvi mchanganyiko vilikuwa na kiharusi pungufu kwa asilimia 14 na vifo pungufu kwa asilimia 12. Mpango wenyewe ulikuwa kubadilisha chumvi ya jikoni, basi, bila kuongeza dawa wala kujenga kliniki.

Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi ya aina hiyo kwa watu wazima, ila likaweka masharti. Kwa hiyo suala limeshatoka China na limefika mezani kwetu. Kwa maoni yangu matokeo haya ni ya kweli na yana nguvu. Lakini kuyachukua jinsi yalivyo na kuyamwaga kwenye maduka ya Afrika Mashariki ni hatari, na hatari hiyo iko kwenye kitu ambacho jaribio halikukipima.

Wapo wanaosikia "utafiti wa China" na kufunga masikio. Wana sababu. Mwaka 2023 Hindawi, mchapishaji wa majarida ya kisayansi, peke yake alifuta makala zaidi ya 8,000, na sehemu kubwa zilikuwa na waandishi kutoka China. Chanzo kinajulikana: madaktari wa hospitali walitakiwa kuwa na makala ili wapandishwe cheo, muda wa kufanya utafiti hawakuwa nao, na yakazuka makampuni ya kuuza makala zilizokwisha andikwa. Mwaka 2020 serikali ya China ilipiga marufuku zawadi za fedha kwa kila makala, lakini tabia iliyojengwa kwa miaka haifi kwa waraka mmoja. Anayesoma makala ya hospitali moja, wagonjwa 60, matokeo mazuri kupita kiasi na picha za maabara zinazofanana na za makala nyingine, ana haki ya kuiweka pembeni.

Jaribio la chumvi si la kundi hilo. Liliongozwa kwa pamoja na watafiti wa China na wa Australia, Wu Yangfeng wa Peking University na Bruce Neal wa George Institute wakiwa mstari wa mbele. Kura ya kuamua nani apate chumvi ipi haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kijiji kizima, na hilo lilikuwa la lazima: watu wa nyumba moja wanakula chungu kimoja, na majirani huazimana chumvi. Udhaifu wake wa wazi ni kwamba kila mtu alijua anakula chumvi ipi, kwa hiyo swali kama "unajisikiaje?" lisingeaminika. Lakini walichokihesabu ni kiharusi, mshtuko wa moyo na kifo. Mtu hakwepi kifo kwa sababu amefurahia chumvi mpya.

Sasa tazama namba kwa karibu, maana asilimia 14 peke yake inapotosha. Katika vijiji vya chumvi ya kawaida, viharusi vilikuwa 33.65 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwenye chumvi mchanganyiko vilikuwa 29.14. Tofauti ni viharusi vinne na nusu hivi kwa watu 1,000 kila mwaka. Vifo vilishuka kutoka 44.61 hadi 39.28, yaani zaidi ya watano kwa kila 1,000. Kwa badiliko dogo la jikoni, huo ni mvuno mkubwa.

Lakini hao watu walikuwa nani? Ili kuingia ilikupasa uwe umewahi kupata kiharusi, au uwe na miaka 60 na kuendelea ukiwa na presha isiyodhibitiwa. Karibu asilimia 73 walikuwa wameshapata kiharusi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 65. Kijana wa miaka 30 mwenye presha ya kawaida hawezi kuvuna viharusi vinne kwa elfu kwa mwaka, kwa sababu yeye na wenzake hawana viharusi 33 vya kuanzia. Matangazo ya biashara yatataja asilimia 14 na kuwaruka washiriki, na msomaji inafaa aulize walikuwa akina nani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Tunaambiwa chumvi hii inasaidia kwa kupunguza sodiamu. Vipimo vya mkojo wa saa 24 vilionyesha sodiamu ilishuka kwa miligramu 350 tu kwa siku, huku potasiamu ikipanda kwa miligramu 803. Fanya hesabu: mtu anayekula gramu 10 za chumvi kwa siku akihamia kwenye mchanganyiko huu anaacha takriban gramu 1 ya sodiamu na anaongeza takriban gramu 1.3 za potasiamu. Vijijini sodiamu haikushuka kiasi hicho, labda kwa kuwa chumvi nyingine ilikuwa inaingia kwa mchuzi wa soya na vyakula vya nje. Hata hivyo presha ya juu, yaani namba ya kwanza kwenye kipimo cha presha, ilishuka kwa milimita 3.34 za zebaki. Naona sehemu kubwa ya faida ilitoka kwenye potasiamu iliyoongezwa, ingawa jaribio lenyewe haliwezi kuzitenganisha. Potasiamu hiyohiyo ndiyo yenye madhara, kwa hiyo huwezi kutaka faida yake ukaisahau hatari yake.

Kabla ya kufika huko, China ilitupatia somo jingine kuhusu tabia za walaji. Mwaka 2023 timu ya Wu Yangfeng ilichapisha jaribio katika makazi 48 ya kulelea wazee. Waligawanya makazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, baadhi yalipewa chumvi mbadala, yaani hiyo yenye potasiamu, na mengine ya kawaida. Pili, baadhi yalipunguziwa polepole kiasi cha chumvi kinachoingia jikoni na mengine yaliachwa. Chumvi mbadala ilishusha presha ya juu kwa milimita 7.1, na matukio ya moyo na kiharusi yakapungua kwa asilimia 40, ingawa vifo kwa jumla havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Kupunguza chumvi polepole hakukushusha presha hata kidogo. Mlaji akikosa ladha aliyoizoea ana njia nyingi za kuirudisha, na mpishi anayelalamikiwa kila siku hawezi kushikilia msimamo kwa miaka miwili.

Ukiweka matokeo hayo peke yake utasema watu hawabadiliki, badilisha bidhaa. Lakini mkoani Shanxi, mjini Changzhi, shule za msingi 28 zilitoa jibu tofauti. Watoto walifundishwa kuhusu chumvi darasani kisha wakapeleka somo nyumbani. Baada ya muhula mmoja, vipimo vya mkojo vilionyesha watu wazima wa nyumba zile wanakula chumvi pungufu kwa gramu 2.9 kwa siku, na watoto gramu 1.9. Mjukuu anayemwambia bibi "mwalimu amesema" ana nguvu ambayo bango la wizara halina. Kinachobaki ni udumifu: muhula mmoja ni miezi michache, na kiharusi husubiri miaka. Chumvi mbadala haimtegemei mtu kukumbuka, na hapo ndipo inapoizidi elimu.

Turudi kwenye madhara. Figo ndizo zinazotoa takriban asilimia 90 ya potasiamu tunayokula. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikipita 6.5 mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama, mara nyingi bila maumivu wala onyo la maana: labda miguu kulegea, labda mapigo kurukaruka. Mwenye figo nzima anakojoa ziada hiyo bila kujua. Mwenye figo zilizochoka anaikusanya.

Jaribio la vijijini liliripoti kwamba madhara makubwa yaliyohusishwa na potasiamu kuzidi hayakutofautiana: 3.35 dhidi ya 3.30 kwa watu 1,000 kwa mwaka. Wanaoitetea chumvi hii huishia hapo. Lakini watafiti hawakuwa wakipima potasiamu ya damu mara kwa mara, walihesabu matukio yaliyogundulika kliniki. Na kabla ya kuanza waliwaondoa wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa zinazobakiza potasiamu, pamoja na nyumba zenye watu wa namna hiyo. Kwenye makazi ya wazee, ambako damu ilipimwa, potasiamu ya juu iliongezeka kwenye vipimo, ingawa haikuonekana kuleta madhara kwa wagonjwa. Kwa hiyo usalama uliothibitishwa ni wa watu waliochujwa.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na nisingependa ipuuzwe. Hesabu za makadirio zilizochapishwa mwaka 2020 zilikisia kwamba China nzima ikibadili chumvi, ingeepuka vifo takriban 460,000 vya moyo na kiharusi kila mwaka, huku potasiamu ikiua takriban 11,000 miongoni mwa wenye ugonjwa wa figo. Hata kati ya wagonjwa wa figo wenyewe, makadirio yalionyesha wanaookolewa ni wengi kuliko wanaouawa. Mtaalamu wa afya ya jamii akiziona namba hizo atasema kusubiri nako kunaua. Ni kweli. Ila makadirio hayo yamejengwa juu ya nchi ambayo chumvi nyingi inaongezwa jikoni nyumbani, na ambayo inajua wagonjwa wake wa figo kuliko sisi.

Kwetu, watu wengi hugundua figo zimekufa siku wanayopelekwa kusafishwa damu. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kipo hospitali za wilaya, lakini mwenye presha anayechukua dawa kwenye zahanati anaweza kukaa miaka bila kupimwa. Dawa zake zenyewe, enalaprili, losatani, spironolaktoni, zote huizuia potasiamu isitoke. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo hufanya vivyo hivyo kwa kuikaba figo. Na kuna moja ambayo haikuwa na uzito huo katika vijiji vya China: septrini, dawa ya kuua bakteria. Sehemu yake iitwayo trimethoprimu huziba njia ya kutolea potasiamu ndani ya figo, sawa na dawa za kukojosha zinazobakiza potasiamu. Hapa kwetu baadhi ya wanaoishi na VVU wanaimeza kila siku kwa miezi au miaka kama kinga. Kifuko cha chumvi kinachosema "nzuri kwa presha" kikiingia nyumba hiyo, hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili.

Faida nayo inaweza kupungua. Chumvi mbadala inagusa ile tu unayotia kwa mkono. Haigusi mkate, chipsi za kibandani, vidonge vya mchuzi, dagaa wa chumvi wala ng'onda. Haigusi magadi tunayolainishia maharage na kisamvu, nayo ina sodiamu nyingi kwa namna nyingine. Nyumba inayotumia magadi kila jioni inaweza kubadili chumvi na isione presha ikishuka kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo ushahidi nje ya China upo: huko Tumbes, Peru, vijiji sita vilivyobadili chumvi vilipata watu wapya wenye presha pungufu kwa takriban nusu, ingawa wastani wa presha ulishuka kwa milimita 1.29 tu.

Utengenezaji una mitego yake. Kloridi ya potasiamu inatoka zaidi kwenye migodi ya Kanada, Urusi na Belarusi, kwa hiyo bei inafuata dola. Huko China mchanganyiko uligharimu takriban dola 1.62 kwa kilo dhidi ya 1.08 ya kawaida. Kiwanda kidogo cha chumvi ya bahari kikichanganya kwa koleo, kifuko kimoja kinaweza kuwa na asilimia 10 ya potasiamu na cha pili asilimia 40. Cha kwanza hakifai kitu, cha pili ni kichungu na ni hatari. Madini joto lazima yawekwe vilevile, la sivyo tutapunguza presha na kurudisha rovu. Na kloridi ya potasiamu inayouzwa kama mbolea isiguswe kwa chakula, kwa kuwa haijasafishwa kwa ajili hiyo.

Ningeanza na watu walewale waliopimwa China: waliopona kiharusi na wenye presha ya muda mrefu. Wapimwe kreatinini na potasiamu kwanza, dawa zao zipitiwe moja moja, wapewe chumvi kupitia kliniki ya presha, kisha potasiamu irudiwe baada ya wiki chache na kila mara dawa inapobadilishwa. Wajawazito na watoto mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umewaacha nje, na wanakula chungu kilekile, kwa hiyo nyumba ihojiwe yote, si mgonjwa peke yake. Dukani isiingie mpaka kifuko kiwe na asilimia ya potasiamu na onyo la figo na septrini kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, upande wa mbele.