Picha ya Dodoma Anaichagua Nani?

Mtajie mtu wa Dar es Salaam jina la Dodoma, kinachomjia kichwani ni vumbi, mbuyu na Mgogo ombaomba. Tuna mdomo mrefu wa kuwalaumu Wazungu kwa picha zao za Afrika ya nzi na njaa, lakini hiyo ya Mgogo tumeichonga wenyewe.

Dawa iliyoletwa sasa ni droni. Majengo ya Mtumba, mji wa Serikali, treni ya SGR iliyoanza kufika hapa 2024, taa za barabarani usiku. Rangi imekolea, ila watu hakuna, na wakiwepo ni wadogo kama siafu. Kwangu hayo ni matangazo ya viwanja.

Wapiga picha wa Afrika wanaonikuna ni wale waliomwachia mwenye sura yake uamuzi. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948. Aliweka suti, saa, redio, hata Vespa, mteja akachagua aonekane vipi. Mali ilikuwa bado chini ya Ufaransa, lakini mbele ya kamera ile mtu alikuwa ameshajitawala. Kiripi Katembo naye aliwakuta watu wa Kinshasa hawapendi kupigwa picha mitaani. Akapiga taswira zao ndani ya madimbwi ya mvua, kisha akaigeuza picha juu chini, na mawe madogo ya dimbwini yakaonekana kuelea angani kama sayari. Alifariki 2015, bado kijana. Mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London.

Na sisi? Wanawake wetu wa muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa picha kila mgeni rasmi akishuka, na maelezo ya chini humtaja mgeni tu.

Nenda Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, siku ya mahafali. Mama ametoka kijijini, kitenge kipya, mwanawe kamvika kofia ya mahafali. Mpiga picha anambembeleza: "Mama, cheka kidogo." Hacheki ng'o. Anakaza uso, anaupandisha mkoba begani, anaitazama kamera moja kwa moja. Anajua wajukuu wamwone vipi! Picha hiyo itaishia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Ningependa kuiona ukutani pale stesheni ya SGR, kubwa, na jina lake chini. Mpiga picha alipwe, na mama aulizwe kwanza ni ipi itundikwe.