Weka maji, usitandaze chakula

Anayetaka bustani ya kupigia picha ndege wa porini, ushauri wa kwanza atakaoupata kutoka Ulaya ni meza ya chakula: mbegu, mkate, vipande vya matunda. Kwa Mombasa naupinga. Meza ya chakula hapa, iwe Tudor au Bamburi, ni karamu ya kunguru, na kunguru akitua, ndege wadogo hutawanyika.

Kunguru hawa, ambao pia huitwa kurabu, ni wageni kutoka Bara Hindi. Walifika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na Mombasa wakaonekana mwaka 1947. Wanakula mayai na makinda ya wenzao, na taka tunazotupa ndizo zinazowazidisha. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kunguru milioni moja. Haifai sisi wenye kamera tuwe tunawanenepesha uani kwetu.

Maji ndiyo mwito ninaouamini. Chukua karai la udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili, katikati weka jiwe la kusimamia. Juu yake tundika chupa ya plastiki uliyoitoboa kwa sindano, idondoshe tone moja moja. Ndege huvutwa na mlio na mmeto wa tone kuliko maji yaliyotulia. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, shore watakuja kuoga na pugi kunywa. Kunguru naye atakunywa, lakini hana cha kumkalisha. Karai liwe mahali pa wazi, hatua chache kutoka kichakani: ndege apate pa kukimbilia, na paka wa mtaa asipate pa kuvizia.

Badilisha maji kila siku na usugue kingo. Mbu wa dengue hutaga mayai ukingoni mwa vyombo vya maji, na dengue Mombasa tunaijua. Najua wengi wetu tunanunua maji kwa mtungi, lakini lita mbili zinatosha, na yanayomwagwa yaende kwenye maua.

Kwenye mimea sina maneno mengi. Mshubiri unaochanua huleta chozi, ndege mdogo mnywa nekta, na mnazi huleta mnana, anayechana majani yake kusukia kiota. Dawa ya wadudu usiipulize kabisa, maana hata chozi huwalisha makinda yake wadudu na buibui.

Picha yenyewe huamuliwa kabla ya kushika kamera. Simika tawi kavu karibu na karai, kwa sababu ndege hupenda kutua kwanza na kutazama usalama. Kisha tazama kilicho nyuma ya tawi. Kwetu mara nyingi ni ukuta mweupe, na ukuta mweupe ukipigwa na jua huiharibu picha. Otesha ua wa kijani mbele yake, ukiwa mita tatu au nne nyuma ya tawi, ndipo lenzi iliyofunguliwa sana itaufuta uwe rangi tupu. Kaa chini, macho yako yalingane na ya ndege, jua likiwa mgongoni. Hapa kwetu jua hupanda haraka: likichomoza baada ya saa kumi na mbili, kufikia saa tatu kivuli kimekwisha kuwa kikali. Ndege anayeoga anataka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Maficho ni paneli ya makuti yenye tundu la lenzi. Ndege wa pwani wameyazoea makuti maisha yao yote.

Kuna jambo moja nisilolikubali hata picha iwe nzuri namna gani: kusogelea kiota, au kukata majani yanayokifunika ili mwanga uingie. Kunguru ni mwerevu, humwangalia binadamu anakokwenda, na kiota ulichokifunua wewe ni rahisi kwake kukiona. Mpige mnana akiwa mnazini anachana majani, au akinywa karaini. Ukimwona anaruka na wadudu mdomoni akielekea pale pale kila mara, geuza kiti na lenzi upande mwingine mpaka makinda yaruke.